Wananibwekea kazini, wanasema ni utani

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mhehe wa Kilolo, nina miaka 27. Napima mizani kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Mbeya, mwaka wa pili sasa. Wenzangu wananiita "Mla Mbwa", eti sisi Wahehe tunakula mbwa. Nikiingia asubuhi fundi mashine anabweka, makuli wanaitikia. Mwanzoni nilicheka nao. Mwezi uliopita nilirudi kutoka kumzika baba, fundi akaniuliza mbele ya wateja kama mbwa walitosha matangani. Juzi nimekuta mfupa ndani ya hotipoti yangu. Nikimwambia aache, anasema yeye ni Mngoni, mtani wangu, na mtani hakasirikiwi. Bosi naye anacheka. Nimpige, au niache kazi nikalime viazi nyumbani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kamwene. Pole na msiba wa baba. Naanza na hilo maana kwenye barua yako sijaona mtu wa hapo kazini aliyekupa pole.

Huyo fundi anaujua utani nusu. Ni kweli Wahehe na Wangoni walipigana vikali karne ya 19, na leo ni watani. Lakini utani unakwenda na kurudi: leo anakutania, kesho unaondoka na kofia yake na hana la kusema. Halafu mtani ni mtu wa msibani. Nilipomzika mama yangu Tukuyu, watani walivaa nguo zake, wakaigiza mwendo wake, wakazuia jeneza mpaka tuwape chochote. Tulicheka huku tunalia. Ila hao hao ndio walioamka alfajiri kuchimba kaburi. Fundi wako alifika Kilolo? Alishika jembe? Alichanga hata mia tano? Basi ya matanga asiyaseme. Na mfupa kwenye chakula cha mtu si utani wa kabila lolote ninalolijua, nami nimezeeka.

Kumpiga, usithubutu. Ngumi moja tu, utafukuzwa wewe, yeye apewe pole.

Acha kucheka. Najua ulicheka ili yaishe. Hata mimi nilicheka miaka mitatu pale masijala, wakiniita "Mama Ndizi" kwa kuwa natoka Rungwe. Hayakuisha. Mfuate fundi akiwa peke yake, mashine imezimwa, umwambie: "Kaka, niite jina alilonipa baba niliyemzika." Usiongeze neno, ondoka. Makuli wanaitikia tu. Akinyamaza yeye, sioni wa kuanzisha.

Asipoacha, nunua daftari. Andika tarehe, maneno yenyewe hata kama ni machafu, na nani alisikia. Kisha barua kwa bosi, nakala mbili, moja asaini kuwa amepokea ubaki nayo. Huyo bosi anacheka kwa sababu hajajua kuwa jambo hili ni lake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na imelitaja kabila waziwazi. Kumnyanyasa mfanyakazi kwa kabila lake ni ubaguzi huo huo. Akipuuza, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi yao ipo hapo hapo Mbeya. Utajaza fomu, mtaitwa kusuluhishwa kwanza. Usilaze jambo: malalamiko ya namna hii yana siku 60, ya kuachishwa kazi 30.

Sasa viazi. Sheria inamtambua mtu aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, lakini wa kuthibitisha ni wewe, na leo huna hata karatasi moja. Ukiondoka wiki hii kwa hasira umeondoka tu. Kaa, andika daftari lako. Ila kama moyo wako ulikuwa kwenye viazi tangu zamani, kabla ya huyo fundi, hilo ni swali jingine. Niandikie tena tuzungumze mbegu.