Jirani Anagombea, au Anagombana?

Uchaguzi ukinukia tu, barua zangu zote hugeuka za siasa. Hizi tano nazijibu kwa pamoja.

*Maalim, nilipokuwa mdogo nikichelewa madrasa nilikuwa nikigombwa. Sasa bwana jirani yetu asema anagombea udiwani. Ni neno moja? Msomaji, Likoni.*

Ni moja, mwanangu. Mzizi ni gomba, yaani kukemea, kuteta. Mama alikugomba, wewe na ndugu yako mkivutana mto mlikuwa mkigombana. Ukitia -ea, ule ugomvi unapata shabaha: pana kitu kinachotakiwa. Ndiyo maana mvua ya jioni ikinyesha abiria hugombea matatu, na watoto hugombea kipande cha mwisho cha mkate wa sinia, na hapo hakuna kura iliyopigwa. Twasema pia kugombea haki, wala hatumwoni anayeigombea kuwa mgomvi. Basi jirani yako anagombea udiwani. Asipoangalia atagombana na wenzake. Na akizidi kurudi usiku wa manane, atagombwa na mkewe.

*Kugombea au kuwania? Gazeti moja linasema hivi, jingine vile. Msomaji, Changamwe.*

Kwa siasa yote mawili ni sawa. Magazeti yetu ya Kenya yanapenda wania. Tanzania gombea ndilo limeshika zaidi. Tofauti naiona nje ya siasa. Timu ya Bandari huwania ubingwa wa ligi, lakini mpira wa kona ukishuka langoni, wachezaji huugombea. Wania ni bidii ya kukifuata kitu kilicho mbali. Kwenye gombea viwiko vinagusana.

Ukiunda jina la mtu, fuata winda: mwindaji, wawindaji. Kwa hiyo mwaniaji, wawaniaji. Hilo "waaniaji" ninaloliona likiandikwa linanikera, nalisema wazi.

Wapo wanaomwita mtu mwaniaji kabla ya mchujo wa chama, kisha mgombea akishaidhinishwa na tume. Ni utaratibu mzuri, ingawa wengi hawaufuati. Watanzania wana neno ninalowaonea wivu: mtia nia. Huyo ametia nia tu, chama chake bado hakijamjibu.

*Na kugombania? Msomaji, Kisauni.*

Ndani yake mna -an- ya kutendana, kwa hiyo lapendeza wakiwa wawili au zaidi: wanagombania kiti. Akiwa mmoja, mwambie anagombea.

*Mbona aliyeshinda huitwa rais mteule, na diwani aliyepewa kiti na chama bila kupigiwa kura naye ni mteule? Msomaji, Jomvu.*

Hapo umetushika. Kuteua ni kuchagua kwa kupambanua, na zamani halikuuliza kama kuna debe au hakuna. Siku hizi tumelipa kazi mbili zinazogongana: aliyeshinda akingoja kiapo, na aliyepewa nafasi na chama. Mimi huyu wa pili namwita diwani maalumu, na mkanganyiko unakwisha. Mshindi abaki mteule mpaka aape. Hapa Mombasa mwaka 2022 hata huyo mteule alichelewa kupatikana: karatasi za kura ya ugavana zilikuwa na kasoro, nchi ikapiga kura tarehe 9 Agosti, sisi ugavana tukaupigia tarehe 29. Wagombea wetu wakabaki wagombea siku ishirini zaidi, na vipaza sauti vyao.

*Wazee wetu Mji wa Kale husema "fulani asimama mwaka huu". Ni Kiswahili hicho? Msomaji, Mvita.*

Ni Kiswahili safi, na bado chasemwa. Kusimama ni kujitokeza watu wakuone. Jihadhari tu na kusimamishwa: aliyesimamishwa na chama amepata tiketi, aliyesimamishwa kazi ameambiwa akae nyumbani. Juzi nilisikia redioni "mheshimiwa amesimamishwa", nikangoja sentensi ya pili kujua nimpe pongezi au pole.