"Kiwango cha juu" cha nini?

SWALI: Nimesoma makala yenye sentensi hii: "Sehemu ya mwisho ya Seinfeld ilipata kiwango cha juu." Mwenzangu anashikilia kuwa maana yake ilisifiwa sana. Mimi naelewa kwamba ilitazamwa na wengi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maneno yalivyopangwa, nyote wawili mmesoma sawasawa. Kwa mambo yalivyokuwa, wewe ndiye uliyelenga. Seinfeld ni tamthilia ya vichekesho ya televisheni, na sehemu yake ya mwisho ilionyeshwa Marekani tarehe 14 Mei 1998, ikatazamwa na watu wapatao milioni 76, lakini wahakiki waligawanyika na mashabiki wengi waliichukia. Mwenzako ameondoka na habari isiyo ya kweli kutokana na sentensi isiyo na kosa hata moja la sarufi, na makosa ya namna hiyo ndiyo yanayonisumbua zaidi, kwa sababu hakuna mhariri anayeyapigia mstari.

Neno "kiwango" hupima wingi: kiwango cha maji, cha joto, cha riba. Hupima pia ubora: mwigizaji ana kiwango, mchezo uko chini ya kiwango. Likikaa peke yake karibu na kazi ya sanaa, msomaji hukimbilia ubora. Ukiongeza na kusema "kiwango cha juu cha watazamaji", bado mtu anaweza kudhani kuwa wanaosifiwa ni watazamaji wenyewe. "Kiwango cha utazamaji" ni afadhali, na katika jedwali nakikubali. Katika sentensi ya kawaida, acha nomino, tumia kitenzi: ilitazamwa na watu wangapi.

Asilimia zinahitaji uangalifu zaidi, na hapa virejeshi vyetu, yaani viungo kama -zo- katika "zilizokuwa", pamoja na "-enye", vinafanya kazi nzuri sana. Chukua sehemu ya mwisho ya M*A*S*H, tamthilia nyingine ya televisheni ya Marekani, ya tarehe 28 Februari 1983, iliyotazamwa na watu karibu milioni 106. Vipimo vya Nielsen, kampuni inayopima utazamaji wa televisheni, viliipa 60.2 na pia 77, na waandishi huzichanganya namba hizo kana kwamba moja imekosewa. Zote ni sahihi. Ya kwanza ni asilimia ya kaya zote zenye televisheni. Ya pili ni asilimia ya kaya zilizokuwa zimewasha televisheni saa hiyo. "Zenye" inataja umiliki tu, hata kama seti imezimwa na watu wamelala. "Zilizokuwa zimewasha" inataja tendo la saa ile. Ukifupisha ukaandika "asilimia 77 ya Wamarekani waliitazama", umekosea mara mbili: umegeuza kaya kuwa watu, na umezihesabu nyumba zilizozima kama zilizowasha.

Angalia na wakati wa kitenzi. "Ilitazamwa" inafaa hesabu iliyofungwa. Kwa tamthilia ambayo bado ipo kwenye intaneti na watu wanaendelea kuifungua, andika "imetazamwa", kisha utaje mpaka lini. Hata hesabu ya jioni moja huhitaji mipaka: sehemu ya mwisho ya tamthilia ya Game of Thrones, Mei 2019, ilitazamwa na watu milioni 13.6 ilipokuwa ikionyeshwa mara ya kwanza kwenye kituo cha televisheni cha HBO, na milioni 19.3 ukijumlisha marudio ya usiku ule na waliotazama kwa intaneti. Mwandishi anayetoa namba moja bila kusema ni ipi hajamwambia msomaji kitu.

Kuhusu sifa na lawama, siku hizi naona "ilipata mapokezi mchanganyiko". Siipendi. Mapokezi kwetu ni ya wageni, na sentensi hiyo inaficha watu: nani alipokea, na alisema nini? "Wahakiki waligawanyika" inatosha, na ni bora zaidi ukiongeza kilichowagawa, yaani kama walisifu uigizaji wakalaumu mwisho wa hadithi, au walichoshwa na urefu. Kama ni lazima utumie kitenzi cha kupokea, "ilipokewa" na "ilipokelewa" zote zinatumika. Chagua moja ubaki nayo katika makala nzima.