Mionzi ya protoni: swali ni nini kiko nyuma ya uvimbe

Maswali ya safari hii yamelalia upande mmoja: tiba ya protoni, ambayo wengi wameisikia kwa ndugu waliokwenda India. Tumechagua matano.

Nipo Sengerema. Nimeambiwa kuna mionzi ya protoni isiyo na madhara. Ina tofauti gani na hii ya hospitali ya Bugando, Mwanza?

Hilo la “isiyo na madhara” liache hapo hapo. Tofauti iko mahali mionzi inapokomea.

Mionzi ya mashine ya kobalti au ya LINAC (mashine ya umeme ya mionzi ya kawaida) ni kama lori la dagaa lenye turubai bovu. Linaanza kumwaga mzigo tangu linapoingia mwilini, linapita kwenye uvimbe likimwaga, kisha linatokea upande wa pili bado linamwaga. Ndiyo maana wataalamu huupiga uvimbe kutoka pembe nyingi, ili madhara yagawanyike. Protoni, yaani chembe ndogo sana zinazorushwa na mashine, ni kama kivuko cha Kamanga: njiani inaacha kidogo, ikifika gatini inashusha karibu mzigo wote, na haiendi mbele zaidi.

Gati hilo hupangwa kwa nguvu ya mashine. Protoni yenye nguvu ya MeV 70 (MeV ni kipimo cha nguvu hiyo) huingia sentimita 4 hivi kwenye maji. Yenye MeV 230 hufika kama sentimita 33. Wazo la kuitumia kutibu lilitolewa na mwanafizikia Robert Wilson mwaka 1946, na mgonjwa wa kwanza alitibiwa Berkeley, Marekani, mwaka 1954. Kwa hiyo si jambo la juzi. Ngozi ambayo protoni hupitia bado inaweza kuwasha na kubabuka, na uvimbe wenyewe haufi zaidi kwa sababu umepigwa na protoni: dozi ikiwa sawa, matokeo kwenye uvimbe yanakaribiana sana. Faida ni kwa kilicho nyuma na pembeni yake.

Mwanangu ana miaka 6. Ametolewa uvimbe kwenye ubongo wa nyuma, majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara) yamesema medulloblastoma. Daktari ametaja protoni. Ni kweli zinamfaa, au ni biashara?

Zinamfaa, mama. Ukituuliza ni nani hasa anastahili kusafiri, tungemtaja huyu mapema.

Saratani hii husambaa kupitia maji ya ubongo, hivyo hupigwa mionzi ubongo wote na uti wa mgongo wote. Dozi ya kawaida kwa mtoto asiye kwenye hatari kubwa ni grei 23.4 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), kisha sehemu uvimbe ulipokuwa huongezewa hadi grei 54. Kila siku ni grei 1.8, siku tano kwa wiki, jumla mara 30. Mionzi ya kawaida ikiingia mgongoni hutokea mbele: hupita kwenye moyo, mapafu, utumbo, na tezi ya shingo. Mtoto huyu ana miaka mingi ya kuishi na madhara hayo. Protoni hukomea mbele ya pingili za mgongo. Kwa mtoto anayekua, pingili yote hupigwa kwa makusudi, maana ikipigwa nusu mgongo hukua umepinda.

Kichwani faida ni ndogo zaidi, kwa kuwa ubongo wote lazima upigwe. Fuatilieni usikivu, homoni za ukuaji na maendeleo ya shule hata baada ya protoni. Na msisubiri miezi mkitafuta fedha: mionzi baada ya upasuaji wa aina hii hulengwa kuanza ndani ya wiki sita hivi. Safari ikionekana haitawahi, mionzi ya kawaida iliyopangwa vizuri na kuanza kwa wakati ni bora kuliko protoni zilizochelewa.

Wengine wanaofaa ni wenye uvimbe kwenye sakafu ya fuvu, kama ule wa mifupa uitwao kordoma, ulioshikana na shina la ubongo, na baadhi ya wanaorudiwa mionzi mahali palipokwisha kupigwa.

Mtoto wa dada yangu, Ukerewe, taya limevimba ghafla na meno yanalegea. Tumpeleke kwenye protoni?

Hapana. Mpelekeni Bugando wiki hii hii. Ukanda wetu wa ziwa unajulikana kwa limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga inayowapata watoto, na uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Dawa yake ni dripu: saiklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati. Mionzi ya aina yoyote si tiba yake ya kawaida. Kabla ya dripu ya kwanza apewe maji mengi na alopurinoli, dawa ya kulinda figo, kwa kuwa uvimbe ukiyeyuka kwa kasi taka zake huziba figo.

Mama yetu ana saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya pili B. Tuuze kiwanja cha Igoma aende kwenye protoni?

Msiuze. Tiba yake inajulikana: mionzi ya nje mara 25 hivi pamoja na dripu ya dawa ya saratani, sisiplatini, kila wiki, kisha mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi huwekwa kwenye kizazi chenyewe. Protoni haziwezi kuchukua nafasi ya hiyo ya ndani. Kinachowaangusha wagonjwa ni vituo vya njiani: nauli imekwisha, damu imeshuka, figo zimebanwa na uvimbe na hakuna aliyepima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Yote yakamilike ndani ya wiki nane. Fedha yenu iende kwenye chumba cha kupanga karibu na hospitali, chakula na damu.

Ndugu wamechanga, daktari amekubali protoni. Tuanzie wapi?

Anzeni na karatasi, pasipoti baadaye. Kituo kinahitaji ripoti ya patholojia pamoja na vipande vyenyewe vya kinyama, picha za CT na MRI kwenye CD (picha ya simu iliyopigwa kwenye filamu haipangiwi dozi), na kumbukumbu za dozi kama aliwahi kupigwa mionzi. Ombeni wawatengenezee mipango miwili, wa protoni na wa mionzi ya kawaida, mwone tofauti kwa grei kwenye kiungo mnachokilinda. Ikiwa ndogo, bakini nyumbani.

Pangeni kukaa wiki 8 hadi 10: moja au mbili za kutengeneza barakoa ya plastiki ya kutuliza kichwa na CT ya kupangia, kisha matibabu yenyewe. Mtoto mdogo hupewa nusukaputi kila siku, hivyo hulala bila kula. Mgonjwa akikonda, au makamasi yakijaa kwenye uwazi wa pua, protoni hukomea mahali pengine, pengine milimita kadhaa ndani ya neva ya jicho. Kwa hiyo ulizeni watarudia CT kila baada ya siku ngapi, na mpimeni uzito kila wiki.