Unataka noti za juu? Basi anza chini, tena kwa sauti ndogo

Watu wa tarumbeta, tromboni, honi, tuba, wote swali ni hilohilo, nitafikaje juu? Na jibu langu huwa linawaudhi, maana nawaambia wakafanye mazoezi ya chini kwanza, taratibu, kwa sauti ndogo. Najua inaboa. Ila midomo ni misuli midogo sana, ukiikandamizia chombo kwa nguvu noti ya juu itatoka kweli, halafu baada ya muda mfupi midomo imekufa ganzi na hata zile za katikati zinakukataa.

Mimi naanzaga na noti ndefu. Unachukua noti moja ya katikati, unaianza karibu na kimya, unaikuza, unaififisha tena mpaka ipotee, na wakati wote huo isipande wala isishuke. Washa tyuna (ile app ya kupima kama noti iko sawa) ya kwenye simu uangalie sindano inavyocheza ukipunguza sauti, utashangaa. Hapo sio kwamba unajifunza noti, unajifunza pumzi, na pumzi ndio kila kitu kwenye hivi vyombo.

Baada ya hapo kuna zoezi ambalo ningeambiwa nichague moja tu maishani ningechagua hilo, yaani kuhama noti kwa midomo peke yake. Kwenye tarumbeta bila kubonyeza valvu yoyote (vile vitufe vitatu vya vidole) unapata do ya chini, sol, do, mi, sol, na zinaendelea kupanda. Sasa toka do nenda sol urudi do, kwa pumzi moja, ulimi usiguse kabisa. Ukishaizoea bonyeza valvu ya pili urudie, halafu ya kwanza, halafu ya kwanza na ya pili, endelea hivyo mpaka zote tatu ziwe chini, ukihesabu na ile ya bila valvu jumla inakuwa mibonyezo saba, na wenye tromboni nao wana nafasi saba za slaidi (lile bomba la kuvuta) kwahiyo zoezi ni lilelile. Cha kuangalia ni kwamba ukipanda hewa ndio iende kasi na ulimi unyanyuke ndani ya kinywa kama unasema "iii", sio mkono uvute chombo kwenye meno. Kama huamini unakandamiza, simama mbele ya kioo ukimaliza uone alama ya duara kwenye midomo. Ikiwa hafifu sawa, lakini ikiwa imechimba na haitoki, jibu unalo.

(By the way kidogo hapo: ukibonyeza ya kwanza na ya tatu, au zote tatu, noti ya tarumbeta huwa inatoka juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Sio kosa lako, ni chombo kilivyo. Sukuma nje kile kibomba cha valvu ya tatu, kimewekewa pete ya kidole kwa kazi hiyo.)

Mapumziko sasa, hapa ndio wengi wanafeli. Ukipuliza dakika moja, pumzika dakika moja. Muda huo usikae bure, imba mstari uliotoka kuupuliza, bonyeza vidole kimyakimya. Na vipindi vifupi vitatu kwa siku vinashinda kimoja kirefu cha kujiua, hilo sina mjadala nalo.

Vitabu wala usinunue vingi. Kile cha Arban cha mwaka 1864 kiliandikwa kwa ajili ya koneti, ndugu wa tarumbeta, lakini mpaka leo watu wanakitumia, ni kinene balaa, usikianze mwanzo mpaka mwisho kama riwaya, chukua ukurasa mmoja wa mazoezi ya ulimi na mmoja wa skeli (ngazi za noti) ukae nao. Mazoezi ya mpiga koneti Herbert Clarke ya 1912 nayapenda zaidi, la kwanza kabisa ni kupanda na kushuka nusu hatua kwa nusu hatua, kwa sauti ndogo mno, ukirudia mara nyingi ndani ya pumzi moja. Linaonekana la kitoto mpaka ulijaribu! Wa tromboni watafute zile nyimbo za mazoezi za Bordogni, mwalimu wa kuimba, zilizoandikwa kwa waimbaji, mpiga tromboni Rochut akazihamishia tromboni, zinafundisha kuimba na chombo badala ya kupiga kelele. Vya zamani kama Arban utavikuta IMSLP, tovuti ya vitabu vya muziki, bure kabisa, unadaunilodi tu.

Cha mwisho, jirekodi kwa simu. Sio kila siku, utakata tamaa, lakini mara mojamoja, zoezi lilelile na metronomu (kile cha kugonga mapigo) kwa spidi ileile, ndio utasikia kama unasogea. Masikio yetu yanatudanganya sana tukiwa tunapuliza.

Na kama una shoo jioni, mchana noti ndefu chache na kuhama kidogo, basi, chombo kirudi kwenye begi. Hizo za juu zitunze za jukwaani.