Kanda za Ngoma Alizoacha Babu

Swali: Marehemu babu aliniachia kanda za ngoma alizorekodi kijijini. Mhifadhi wa muziki wa asili angeanzia wapi?

Jibu: Angeanza kwa kuvunja vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kila kanda, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha angewatafuta wazee na kuandika nani alipiga, wapi, lini na katika shughuli gani, kwani sauti isiyo na maelezo hayo, hata ikiwa safi namna gani, humsaidia mtafiti kidogo mno. Hugh Tracey, aliyeanzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini mwaka 1954, alipima hata ulinganifu wa sauti za ala. Kanda yenye ukungu usiicheze, mpelekee fundi.