Tafuta kazi isiyokula mkono wako

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hunijia vijana wawili watatu hapa Langoni, mtaa wetu wa Lamu. Nakshi wanaipenda na mkono wanao, lakini nyumbani wanahimizwa watafute kazi ya maana. Swali lao huwa moja: nifanye kazi gani nipate kula, na patasi nisiiweke chini? Nimechonga kwa miaka 19, na katika hiyo ni miwili tu niliyoishi kwa nakshi peke yake. Basi huwajibu kwa yaliyonipata.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kazi inayonifaa ni ile inayofanana na ninachokipenda. Nilipata nafasi katika karakana ya samani, nikafurahi sana: nitashika patasi kutwa, na juu yake nitalipwa. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa fremu za vioo vya hotelini. Waridi lile lile la majani sita, fremu 20 kwa wiki, malipo kwa kipande. Anayelipwa kwa kipande hujifunza kulipua. Nikaacha kuchora kwa bikari, nikakata kigezo cha kadibodi. Nikaacha kunoa kila asubuhi, nikawa nanoa patasi ikishagoma. Mwaka ulipotimia nikapata ubao mzuri wa mbambakofi, nikataka kumchongea mama yangu kasha. Niliukalia siku tatu. Kila nikiweka penseli, mkono unatoa waridi la majani sita. Niliumia kuliko nilivyoumizwa na malipo.

Baada ya hapo nikaosha vyombo katika jiko la nyumba ya wageni. Maji ya moto na sabuni vililainisha sugu zote za viganja, na mchongaji asiye na sugu hutoka malengelenge kabla ubao haujaanza kusema. Sikudumu.

Kazi iliyonisimamisha ni ya tiketi za boti za Mokowe, gati la ng'ambo, upande wa bara. Naingia saa kumi na mbili asubuhi, natoka saa nane mchana. Napokea nauli, naandika majina, najibizana na wenye mizigo. Shangazi yangu mpaka leo huniuliza lini nitapata ofisi, na najua ananitakia mema. Lakini kazi ile haigusi mkono wangu wala jicho langu. Nikifika nyumbani masikio yamechoka, vidole bado vibichi. Hicho ndicho kipimo ninachowapa wadogo zangu: usiulize tu kazi inalipa kiasi gani, uliza inachosha nini. Ikichosha kile kile unachochongea, hata ikilipa vizuri, itakumaliza.

Kwa mtunzi wa mashairi kipimo hugeuka. Yeye anahitaji kazi itakayochosha mwili imwachie maneno. Ustadh Mahmoud Mau, imamu na mshairi wetu hapa Amu, kwa miaka mingi alikuwa na biashara ya mikate, na mashairi yake yakaendelea kutoka. Kuna pia Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945: mshairi, mchongaji wa milango na mwandishi wa khati aliyenakili tendi kwa ajili ya wasomi wa Ulaya kama Alice Werner na Ernst Dammann. Kijana mmoja alinipinga kwa mfano huo huo, akasema mbona Kijuma mkono ule ule ulifanya yote? Alikuwa na haki. Nadhani tofauti ni kwamba kila utendi una maneno yake na kila mlango una nyumba yake. Mimi nilikuwa na waridi moja.

Angalieni na misimu. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, wageni ni wengi na kazi za hoteli na mashua hazina mapumziko. Masika mji hunyamaza. Mwenye kazi ya msimu hupata miezi mizima ya kuchonga, ila awe ameshaweka akiba ya Aprili na Mei. Mimi pesa hainikai, ndiyo maana nikachagua mshahara wa mwezi.

Oda za milango zipo. Mji wa Kale uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na majumba ya mawe yanayokarabatiwa yanataka milango ya kuchongwa. Mshahara ndio unaokupa ubavu wa kukataa oda mbaya. Mwaka jana alikuja mtu akitaka mlango mzima kwa wiki mbili, bila arubuni. Mfaa peke yake, ule ubao wa katikati zinapokutana mbao mbili, hunichukua jioni 20. Naupandisha mchoro kutoka chini, jani juu ya jani, na patasi ikifuata mshipa wa mti badala ya mstari wa penseli, kipande kinabanduka na hakirudi. Nilimwambia hapana kwa upole, kwa sababu kodi ya mwezi ule nilikuwa nimeshalipa.

Mkija kwangu, njooni baada ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Leteni kipande cha mwembe, ni laini na bei yake nafuu, na patasi moja ya nusu inchi. Jiwe ninalo. Siku ya kwanza tutanoa tu.