Begi lililobaki Dubai: unayo haki, ila andika
Pole sana ndugu yangu. Begi lako linabaki Dubai, unakaa siku nne Dar na shati moja, halafu shirika la ndege linakuambia "mzigo umefika, hakuna deni"? Lipo. Tanzania na Kenya zote zimo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, na shirika linawajibika kwa hasara ya mzigo kuchelewa, labda lithibitishe kwamba lilifanya kila liwezekanalo kuizuia.

Sasa andika barua au imeili, simu haihesabiki. Una siku 21 tangu ukabidhiwe begi. Lingekuwa limevunjika, ni siku 7 tu. Kikomo cha fidia ni SDR 1,519 kwa abiria (hiyo ni sarafu ya mahesabu ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa), lakini usianze kupiga hesabu ya kiwanja, utarudishiwa ulichotumia kwa ushahidi. Tafuta risiti zote, hata ya mswaki. Na ile stika ndogo ya begi wanayobandika nyuma ya bodingi pasi unayo bado? Mimi yangu niliitupa pamoja na kikombe cha chai, nikabishana na watu wa kaunta wiki mbili nzima.

Fomu ya kuripoti mzigo uliijaza kabla hujatoka uwanjani?